Tubadilishe Sinia, Tusimtenge Bibi



Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, leo tumeziweka kando darasa zetu za kawaida tukaingia jikoni. Msishangae. Jikoni nako ni mahala pa malezi, na pengine kuliko darasani, kwani mtoto hukaa madrasa saa mbili kwa siku lakini nyumbani hula asubuhi, mchana na jioni.

Tuanze na tukio tulilolishuhudia. Siku ya Idd el-Fitr, baada ya swala, tulialikwa katika nyumba moja hapa Gisenyi. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na katikati liliwekwa sinia kubwa: kaimati zilizong'aa kwa shira, visheti, keki iliyonyunyiziwa sukari ya unga, na pembeni birika la chai ya maziwa ambayo ilishatiwa sukari huko huko jikoni. Wakubwa kwa wadogo tukalizunguka. Bibi wa nyumba ile, ambaye ndiye aliyewafundisha binti zake wote kupika kaimati, alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti karibu na mlango. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Bibi ana ugonjwa wa kisukari. Daktari alimwambia apunguze vitu vitamu, na familia yake, kwa mapenzi mema kabisa, ikaamua kumtengea chakula chake.

Mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano hivi, akamtazama pale mlangoni kisha akauliza kwa sauti: "Bibi kafanya kosa gani?"

Watu walicheka. Bibi naye alicheka, lakini tulimwona akigeuza uso upande wa barabara.

Tangu siku ile swali la mtoto yule halijatutoka. Maoni yetu, ambayo ndiyo tunataka kuyaeleza leo, ni haya: kosa halikuwa la bibi, lilikuwa la sinia. Chakula kinachomdhuru bibi leo ndicho kinachomwandalia mjukuu ugonjwa huo huo wa kesho. Badala ya kumtoa bibi kwenye sinia, tulibadilishe sinia lenyewe ili wote walile pamoja.

Utamu si haramu

Kabla hatujaendelea, tuondoe shaka moja. Hatuandiki haya kuwakataza watu vitu vitamu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), katika Sahih al-Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kula kitamu ni jambo baya kidini, huyo amezidisha.

Lakini tuangalie alivyokuwa akila. Alikuwa akifuturu kwa tende mbichi chache, akikosa hizo basi tende kavu, na akikosa zote mafunda ya maji. Imepokewa pia kwamba alikula tende mbichi pamoja na tango, yaani kitu kitamu sana na kitu chenye maji mengi kisicho na utamu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumefundishwa kugawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Qur'an nayo, katika Surat Al-A'raf aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa na papo hapo ikatukataza israfu. Basi dini yetu haikuukataza utamu, imetufundisha kiasi.

Na tena, dini yetu inahimiza kula kwa pamoja. Katika Sunan Abi Dawud mna habari ya maswahaba waliolalamika kwamba wanakula na hawashibi, wakaelekezwa wakusanyike kwenye chakula chao na wataje jina la Allah, nao wangebarikiwa. Ndiyo maana kumtenga mgonjwa pembeni ya mlango kunatuumiza. Tunampa dawa ya mwili huku tukimnyima baraka ya jamaa.

Tumefikaje hapa?

Vitu vitamu tunavyovipika hapa Gisenyi vingi si vya asili ya milima hii. Wazee wetu walikuja zama za Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwa wafanyabiashara, wapagazi, makarani na askari kutoka pwani na Ujiji. Walikuja na Uislamu, na Kiswahili, na sufuria zao. Kaimati, vitumbua, visheti, mkate wa kumimina na kashata zilifika Nyamirambo kule Kigali, Buyenzi kule Bujumbura, na hapa kwetu kandokando ya Ziwa Kivu, kwa njia hiyo.

Lakini zamani hizo sukari ilikuwa adimu na ghali. Kaimati zilipikwa Ramadhani, zikapikwa Idd, zikapikwa kwenye harusi na maulidi, basi. Mwezi ukiisha, sufuria ya shira ilisuguliwa ikatundikwa. Leo mambo yamegeuka. Sukari inapatikana kila duka la mtaa, hata kwa kupimiwa kidogo kidogo. Mtoto anakunywa chai tamu asubuhi, ananunua mandazi na pipi akienda shule, anakunywa fanta mgeni akija, na jioni anapewa biskuti anyamaze. Kilichokuwa cha sikukuu kimekuwa cha kila siku, na Idd ikifika tunajikuta hatuna cha kuzidisha ila sukari juu ya sukari.

Hapo ndipo penye tatizo. Wazee wetu walikula kaimati zile zile, lakini walizila mara chache, na siku zilizobaki walitembea kwa miguu na kulima.

Kiasi ni kipi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015. Lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata katika chakula kwa siku, na ni bora zaidi isizidi asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo, kwa kuwa chakula chake ni kidogo.

Sasa tuhesabu pamoja. Vikombe viwili vya chai ya Pfunda, kila kimoja vijiko vitatu, tayari ni vijiko 6. Hatujafika kwenye mandazi. Chupa moja ya Coca-Cola ya mililita 300 ina gramu 30 na zaidi kidogo, yaani imepita kiwango hicho peke yake. Shira ya kaimati za nyumba moja huchukua kwa kawaida vikombe viwili vya sukari, ambavyo ni gramu 400. Gawanya kwa watu wanane waliolizunguka sinia, na hata kama nusu ya shira imebaki kwenye sufuria, kila mmoja amekula kiwango chake chote cha siku kabla hajagusa keki wala chai.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: katika hesabu hiyo, asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa vinahesabiwa pamoja na sukari. Tunda zima halihesabiwi humo, kwa sababu lina nyuzinyuzi zake zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwa sababu mtu hawezi kutafuna machungwa matano kwa mkupuo kama anavyoweza kuyanywa kwenye gilasi moja. Basi ile jusi ya marakuja tunayoijaza vijiko vya sukari kisha tukawapa watoto kwa kusema "ni matunda hayo," tuiangalie upya.

Sisi walimu nasi tulikosea

Isidhaniwe kwamba tunawanyooshea kidole akina mama tu. Tukiri la kwetu. Kwa miaka mingi madrasani kwetu tulikuwa na kopo la pipi mezani. Mtoto akihifadhi aya zake vizuri, pipi moja. Akiwahi darasani, pipi moja. Tuliona tunawapendezesha wapende kusoma.

Kisha tukapata mwanafunzi wa miaka sita, mwenye akili na sauti nzuri, ambaye kila tukifika kwenye herufi thaa, dhaal na dhwaa alishindwa. Wanaojua tajwidi wanajua kwamba herufi hizo tatu hutokea kwenye ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu. Tulimrudisha mara kumi, mara ishirini. Mwishowe tulimwambia afungue kinywa. Meno yake ya mbele hayakuwa yameng'oka kama watoto wa umri ule wanavyong'oka meno ya utoto. Yalikuwa yameliwa, yamebaki vishina vyeusi. Tulipomuuliza mama yake alisema kwa upole: "Mwalimu, nyumbani nimemkataza pipi. Anazipata kwenu."

Hatukuwa na jawabu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa tindikali inayotoboa meno, na sisi ndio tuliokuwa tukiwalisha vijidudu hivyo siku tano kwa wiki, kwa jina la kumtia mtoto moyo asome Qur'an. Kopo lile tuliliondoa. Leo anayehifadhi vizuri anapata penseli, au kiganja cha karanga, au Ijumaa ndizi moja. Wiki ya kwanza walinung'unika. Wiki ya tatu walikuwa wakishindania ndizi kama walivyokuwa wakishindania pipi. Hapo tukajifunza kwamba mtoto hupenda kile anachozoeshwa na mtu anayempenda.

Tufanye nini jikoni?

Yafuatayo ni mambo tuliyoyajaribu nyumbani kwetu na kwa majirani. Hayahitaji vitu vya kuagiza nje.

Kwanza, tupunguze sukari polepole na kwa kipimo. Kosa la wengi ni kuondoa sukari yote kwa siku moja, kila mtu akakasirika, na wiki inayofuata mambo yakarudi kama zamani. Kama keki yako hutumia kikombe kimoja cha sukari, mwezi huu tia robo tatu. Mwezi ujao tia theluthi mbili. Keki itaumuka vile vile. Ukishuka hadi nusu au chini yake itaanza kuwa kavu na haitakoza rangi, na hapo ndipo ndizi mbivu inapokuja kusaidia. Kwa unga wa hamira, kama wa mandazi au mkate wa kumimina, kijiko kimoja cha chai cha sukari kinatosha kuiamsha hamira, na iliyobaki yote ni ya ulimi tu. Na chai isitiwe sukari jikoni. Sukari iwekwe mezani, kila mtu atie mwenyewe akiona anachotia.

Pili, manukato yafanye kazi ya sukari. Hiliki, mdalasini, vanila, na ganda la limau lililokwaruzwa humfanya mlaji ahisi utamu zaidi ya uliopo. Ukipunguza sukari, ongeza hiliki. Bibi zetu wa pwani walilijua hilo.

Tatu, tutumie utamu uliopo hapa kwetu. Nazi haioti huku. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila nazi tunayoiona imesafirishwa kutoka mbali. Lakini tuna maziwa ya Gishwati, tuna imineke za kila aina, mananasi, mapapai, ibinyomoro, marakuja, karanga na viazi vitamu. Mwenye vitu hivi hana haja ya kulalamika. Tunataja mapishi matatu, kisha la kaimati.

Mkate wa ndizi. Chukua ndizi mbivu tatu kubwa au tano ndogo, zile ambazo ganda limeshaanza madoa meusi. Hizo ndizo tamu kuliko zote, na jioni katika soko la Mbugangari wauzaji huziuza kwa bei ya chini kwa sababu kesho hazitafaa. Ziponde kwa uma. Changanya na mayai mawili, mafuta robo kikombe, maziwa nusu kikombe, hiliki na chumvi kidogo. Tia vikombe viwili vya unga wa ngano, na ikiwezekana kimoja kiwe cha unga usiokobolewa, pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking poda. Usitie sukari kabisa. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, palia makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko, uache kwa dakika 35 hadi 40. Mwenye gesi aweke mchanga ndani ya sufuria kubwa, na sufuria ya mkate akaiweke humo. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva.

Viazi vitamu vya maziwa. Chagua vile vya rangi ya machungwa ndani, ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Menya kilo moja, kata vipande, chemsha kwa maji kidogo na kijiti cha mdalasini hadi vikaribie kuiva na maji yakaribie kukauka. Mimina vikombe viwili vya maziwa yaliyokwishachemshwa, hiliki, na vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa badala ya nazi. Acha kwenye moto mdogo hadi rojo iwe nzito. Wale wanaosafiri kwenda Kigali na basi likasimama Nyirangarama, wanajua kwamba pale kwa Sina Gérard viazi hivi vimewahi kutengenezewa hata biskuti. Ikiwa kiwanda kimeona utamu wake, sisi wenye kuvilima tusividharau tukaviita chakula cha shida.

Ikivuguto na matunda. Nusu lita ya ikivuguto kutoka mahala unapopaamini, ndizi mbili zilizokatwa, na kinyomoro kimoja au viwili vilivyopitishwa kwenye maji ya moto vikamenywa na kupondwa. Juu nyunyiza karanga za kukaanga. Watu wanne wanatosheka. Siku za Ramadhani chakula hiki ni kizuri baada ya Tarawehe, kwani hakilazi tumbo.

Ama kaimati, hatusemi ziachwe. Tunasema zibaki za Idd na harusi kama zilivyokuwa, na zipikwe kwa namna ambayo bibi naye atakaa mkekani. Kaanga vidogo vidogo, kisha usivitose kwenye shira. Shira ipike ya kikombe kimoja cha sukari badala ya viwili, tia hiliki na limau, na iweke kwenye bakuli kando. Sinia liwekwe katikati na kaimati kavu. Anayetaka atachovya kidogo, asiyetaka atakula na ndizi au maziwa. Ni kaimati zile zile, sinia lile lile, na hakuna anayeulizwa kafanya kosa gani. Tukumbuke tu kwamba bado ni unga mweupe na mafuta, kwa hiyo mbili au tatu zinatosha.

Wanaotupinga

Tulipoyasema haya kwa mara ya kwanza baada ya swala ya Ijumaa, tulipata majibu, na mengine yana uzito.

Wapo waliosema: asali ni dawa kwa mujibu wa Qur'an, basi tuondoe sukari tutie asali bila kipimo. Ni kweli kwamba Surat An-Nahl imetaja kuwa katika asali mna shifaa kwa watu, na sisi tunaamini hivyo. Lakini dawa huwa na kipimo chake. Asali nyingi ndani yake ni sukari, nayo hupandisha sukari ya damu kama tunavyoona kwa wagonjwa wetu. Kijiko kimoja badala ya vitatu vya sukari, hapo sawa. Kumimina nusu chupa kwenye keki na kuiita keki ya afya, huko ni kujidanganya. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Tende nazo ni hivyo hivyo. Tende moja kubwa ya aina ya Medjool ina gramu kama 16 za sukari. Ina nyuzinyuzi na faida nyingi, na tatu ni sunna nzuri ya kufuturia, lakini sinia zima la tende si sunna.

Wapo waliosema: mgeni akipewa chai isiyo na sukari atasema tumemfanyia ubakhili. Hili tunalielewa, sisi ni watu wa heshima kwa wageni. Lakini siku hizi katika kila kundi la wageni kumi, huenda yupo mmoja mwenye kisukari ambaye anaona haya kusema. Anakunywa chai yako tamu kwa heshima yako, kisha anakwenda kuteseka kwake. Ukiweka sukari mezani umemheshimu zaidi. Hukumnyima, na hukumlazimisha.

Na wapo akina mama waliosema: chakula cha afya ni cha matajiri. Kama chakula cha afya ni vile vya kwenye makopo ya madukani vyenye picha za watu wembamba, basi mama wamesema kweli. Lakini ndizi za jioni, viazi vitamu na karanga si vya tajiri. Hesabu sukari unayonunua kwa mwezi, na fanta, na pipi, kisha upunguze nusu. Utakuta umebakisha fedha ya maziwa.

Tahadhari kwa wenye kisukari

Tunalazimika kusema maneno machache hapa, kwa sababu makala kama hii huweza kumpotosha mtu. Kubadilisha vyakula vitamu hakuondoi haja ya dawa. Asiache mtu vidonge wala sindano yake kwa sababu sasa anakula mkate wa ndizi. Ndizi na viazi vina sukari na wanga wake, na mgonjwa atakula kipande kimoja, si nusu ya sufuria. Aulize kwenye kituo chake cha afya kipimo kinachomfaa.

Vile vile, anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge huweza kushukiwa na sukari ghafla: akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa. Wakati huo anahitaji kitu kitamu upesi, hata maji ya sukari, maadamu anaweza kumeza. Familia ijue hilo, isije ikamnyima sukari saa anayoihitaji. Na mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema, kwani sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa, na kuikubali ruhusa ya Allah si udhaifu wa imani.

Tumalizie

Idd el-Hajj iliyofuata tulirudi katika nyumba ile. Haya tuliyoyaandika hapa tulikuwa tumeyazungumza na wenye nyumba mapema, nao waliyapokea. Hatukukuta mambo yote yamenyooka. Baba wa nyumba bado alitia vijiko vitatu kwenye chai yake, na keki ilikuwa imeungua chini kidogo kwa sababu binti alikuwa anajifunza kipimo kipya. Lakini sinia lilikuwa katikati ya mkeka, bakuli la shira kando, na sahani ya viazi vya maziwa iliyonukia hiliki. Bibi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta kwa ajili ya magoti yake. Kaimati ya kwanza aliichukua yeye, akaionja, akasema hamira haikupata muda wa kutosha. Binti zake wakaanza kubishana naye. Mjukuu alikuwa amejilaza mapajani pake akila ndizi.

Wazazi wenzetu, si lazima tusubiri daktari amwambie mtu wa nyumbani kwetu kwamba sukari yake imepanda ndipo tuanze. Tuanze na chai ya kesho asubuhi: sukari itoke jikoni ije mezani. Wiki ijayo tujaribu mkate wa ndizi. Mwenye mzee au mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni, amwite mkekani, na apike kile ambacho wote watakila.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu, awalinde watoto wetu, abariki riziki zetu na atujaalie kuwa watu wa kiasi katika kula na kunywa kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.